Bafu la Wageni la Mama Yangu

Mama yangu, Desanka, alivunjika nyonga akitoka kwenye hodhi la kuogea, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Alipopona alibaki na fimbo na mwendo wa kujikongoja, na daktari akaniambia waziwazi kwamba akianguka tena hatainuka. Basi nikamleta fundi Radiša. Hodhi likang'olewa, sakafu ikasawazishwa ili asiwe na kizingiti cha kuvuka, vikapangwa vigae visivyoteleza. Vyuma vya kushikilia vikafungwa kando ya choo na chini ya bomba la mvua, na kiti cha kukunjwa kikapigwa ukutani. Radiša alining'inia kwenye kila chuma, na Radiša si mwembamba, ili nione kwamba hakichomoki.

Mama alilipenda mno bafu lile, na balaa lilianzia hapo. Aliwaita majirani, wakanywa kahawa, wakaenda mmoja mmoja kukijaribu kiti. Kisha akavifunika vyuma kwa vitambaa alivyovifuma mwenyewe, na juu ya vigae visivyoteleza akatandika zulia linaloteleza.

Siku moja nikaona sabuni ya bafuni ingali kwenye karatasi yake.

"Mama, unaoga wapi?"

"Kwani nanuka?"

"Nimekuuliza unaoga wapi!"

"Jiko la nje. Usinipigie kelele, mimi si kiziwi."

Jiko la nje! Sakafu ya saruji, beseni la plastiki, na mwanamke wa nyonga iliyotiwa chuma amesimama ndani yake kwa mguu mmoja.

"Slava inakuja," akasema. "Wageni waje siku ya mtakatifu wetu wakute nywele zangu kwenye tundu la maji?"

"Slava ni Novemba! Huu ni mwezi wa tano!"

"Novemba haichelewi, mwanangu."

Ndivyo tulivyo huku kwetu Serbia. Chumba kizuri ni cha wageni, glasi nzuri ni za wageni. Baba yangu alikufa hajawahi kuzinywea zile glasi. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwetu mgeni huja, mwenyeji akavunjika nyonga. Nilimsema, nikambembeleza, nikalia. Nilikuwa nampigia mbuzi gitaa.

Jumamosi moja nikasikia kishindo uani. Nikakimbilia jiko la nje. Beseni lilikuwa limeteleza hadi mlangoni, na Mama, amejifunga shuka, ameng'ang'ania kabati kwa mikono miwili. Alikuwa hajaanguka. Aliponiona akasema, "Usianze."

Nilishikwa na hasira. Nikamvika gauni, nikamshika mkono, nikamzungusha hadi mlango wa mbele. Nikaingia ndani, nikamfungia nje.

"Gonga!"

"Nigonge mlango wangu? We Ljubinka, umerukwa na akili?"

"Gonga, Mama, kabla sijapiga yowe kijiji kizima kikaja!"

Akagonga. Nikafungua, nikamkalisha kwenye chumba kizuri, nikamletea slatko ya kumkaribishia mgeni kwenye sinia: kijiko cha cheri zilizochemshwa kwa sukari, na maji katika glasi ya wageni. Hakuna mtu wa kwetu anayeikataa slatko. Mama akanikazia macho, akala, akanywa, akasema kama inavyopaswa, "Mungu aijalie nyumba hii afya."

"Amina. Umetoka mbali, mgeni wetu. Bafu liko tayari."

Aliinuka akinung'unika, lakini akaenda. Nikavivua vyuma vile vitambaa, nikalitupa zulia koridoni. Akaketi kwenye kiti, mkono mmoja umeshika chuma, maji ya moto yakimtiririka mgongoni. Nikasubiri matusi. Nilikuwa na yangu pia, nimeyapanga tangu majira ya baridi.

"Nililetwa nyumba hii nikiwa bibi harusi wa miaka kumi na tisa," akasema bila kugeuka. "Siku ileile mama mkwe akanipa ndoo, akanionyesha zizi. Humu ndani hakuna aliyewahi kuniambia karibu."

Nikamsugua mgongo, taratibu.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa naosha vyombo niliposikia mlango wa mbele unagongwa kwa fimbo.