Maji ndani, majivu chini: Mwamvita na boti walilotaka kulikata

Saa kumi na mbili asubuhi, Kawajense, mjini Mpanda. Wanawake watatu wanapokezana ndoo na kumwaga maji ndani ya boti lililo nchi kavu. Ziwa Tanganyika liko zaidi ya kilomita mia moja kutoka hapa. Boti limelazwa juu ya matairi ya lori na viroba vya mchanga, na chini yake pametandazwa majivu makavu, meupe, yaliyochekechwa kama unga.

Dereva wa bodaboda anapunguza mwendo. "Mama, ziwa limehamia Kawajense?"

"Shuka uchote ndoo," anajibu Mwamvita Uwesu bila kugeuka. "Hutaki, pita na moshi wako."

Bodaboda anacheka, anaondoka. Mwamvita hacheki. Amepiga magoti, shavu linakaribia kugusa majivu, macho yako kwenye tumbo la boti. Tone lolote likianguka litaacha doa jeusi, hata liwe dogo kama punje ya mtama. Kesho, Ijumaa, afisa anakuja kukagua. Boti likivuja, litakatwa vipande na kuuzwa kwa kilo.

"Hamsini na tisa," anahesabu Minza Malale, akiinamisha ndoo yake. "Sitini. Fundi, inatosha?"

"Inatosha, mama. Sasa kaeni kimya."

Si kwamba matone yana sauti. Ila Mwamvita, fundi wa alumini mwenye miaka arobaini na moja, hapendi mtu aongee anapotafuta tundu. Na wiki hizi tatu amekuwa na hasira kiasi kwamba majirani wameacha kumsalimia kabla hajanywa chai.

Boti hili ni la kikundi cha wanawake ishirini na mmoja wa Ikola, kando ya Ziwa Tanganyika, wanaoanika na kuuza dagaa. Walipewa na mradi mmoja miaka saba iliyopita. Wanalikodisha kwa wavuvi wawili, na badala ya kupanga foleni kwa wenye mitumbwi, dagaa wao wanashuka moja kwa moja hadi kwenye vichanja vyao. Minza, mwenye miaka hamsini na sita, ndiye mwenyekiti. Alifika Ikola akiwa bibi harusi, nyuma ya ng'ombe wa baba mkwe wake, na anasema hakuwahi kuwa na kitu chenye jina lake mpaka boti hili lilipokuja.

Mwaka jana lilianza kuvuja. Ofisi iliyokuwa na dhamana nalo ikampa kazi mkandarasi. Alilichukua siku tisa, akalirudisha limepakwa rangi ya buluu inayong'aa. Hati ya kupokelewa ikasainiwa. Hakuna aliyelitia majini kwanza.

Mwezi Aprili, wavuvi wale wawili walirudi ufukweni wakiwa wamekaa ndani ya maji hadi kiunoni, mmoja akipiga kasia, mwingine akichota kwa sufuria ya ugali. Injini ilikuwa imezima. Nyavu walizikata na kuziacha ziwani ili boti liwe jepesi.

"Walitapika mchangani," anasema Minza. "Watu wazima, wana wake na watoto. Walitapika kwa hofu."

Barua iliyofuata haikuuliza mkandarasi alifanya nini. Ilisema boti limechakaa, liondolewe kwenye orodha, liuzwe kama chakavu. Ziwa lilipofungwa kwa miezi mitatu ili samaki wazaliane, boti likapakiwa kwenye lori la Fuso kwenda Mpanda. Minza alikataa kukaa mbele na dereva. Alisafiri ndani ya boti lake, juu ya Fuso, akiwa amefunga kitenge kichwani kuzuia vumbi.

Huku mjini lilikuwa linasubiriwa na Amri, mnunuzi wa vyuma chakavu. Kilo ya alumini ni kama shilingi elfu nne. Amri hakuwa na mtu wa kulikata vizuri, akamwita anayeijua alumini kuliko wote mtaani: Mwamvita.

"Alikuja na msumeno," Amri anasimulia. "Nikamwambia dada, anzia nyuma, kule kwenye injini. Akakwangua rangi kidogo aone pa kupitisha msumeno. Akakwangua tena. Halafu akaanza kutukana. Sikujua anamtukana nani, nikasogea nyuma."

Chini ya ile rangi ya buluu kulikuwa na vipande saba vya bati la chuma, vimefungwa kwa boliti za chuma, na katikati vimejazwa lami.

Kwa asiyejua, Mwamvita anaeleza huku akigonga kidole juu ya bati lenye kutu alilolihifadhi kama ushahidi: "Chuma na alumini ukivifunga pamoja ukavitia majini, alumini ndiyo inaliwa. Polepole, kimya kimya. Kila boliti aliyofunga yule bwana alikuwa anatoboa tundu jipya. Alilipwa kutoboa boti. Na aliyesaini alilipwa kuangalia rangi."

Alipopigiwa simu na gazeti hili, mkandarasi alijibu kwa sentensi moja kabla ya kukata: "Kazi ilikaguliwa na ikapokelewa, muulizeni aliyepokea." Aliyepokea amehamishwa mkoa.

Siku ile Mwamvita alirudisha msumeno kwenye mfuko. Akaenda na Minza hadi ofisini, wote wawili na bati lile la kutu mkononi, wakakaa kwenye benchi kuanzia asubuhi hadi saa tisa. Walichopata ni wiki tatu. Likishika maji, linarudi Ikola. Likivuja, Amri anakata.

"Kuna kijana pale ofisini aliniuliza, mama, we unajua boti?" anasema Mwamvita. "Nikamwambia sijui boti. Najua alumini. Hilo ni sufuria kubwa tu."

Aliijua alumini kwa baba yake, Mzee Uwesu, aliyetoka Tabora na kufungua kibanda cha kutengeneza makarai na ndoo karibu na stesheni ya reli. Mwamvita alikuwa na miaka tisa alipoanza kumshikia kipande cha reli, kifupi, chenye uzito wa mtoto mchanga. Ribiti, ule msumari mfupi wa kuunganishia mabati, ikipita kwenye tundu, mmoja anakandamiza reli upande wa ndani, mwingine anaponda kwa nyundo upande wa nje, mpaka kichwa kinatanuka na kukamata. Anayeshika reli akilegea, ribiti inakaa ovyo na maji yatapita.

Baba alipofariki, wateja walikuja, wakamwona binti ameshika nyundo, wakauliza fundi yuko wapi. Kwa mwaka mzima aliuza kazi zake akisema ni akiba aliyoiacha marehemu. Siku hizi hawamuulizi tena. Kwa siku anapata shilingi elfu nane, siku njema elfu kumi na tano, na kwa hizo amewasomesha wanawe wawili hadi kidato cha nne.

Kwenye boti hili, aliyeshika reli ni Minza. Alijifunza ndani ya siku mbili. Mikono yake ina malengelenge yaliyopasuka na kukauka.

Walitoa mabati yote ya chuma na kukwangua lami. Mwamvita alikata viraka kutoka kwenye bodi la basi bovu, akaagiza ribiti za alumini Mwanza, akaweka chini ya kila kiraka gundi nyeusi ile wanayobandikia vioo vya magari. Kazi hiyo iliwachukua siku kumi. Kisha wakamwaga maji kwa mara ya kwanza, wakiwa na uhakika.

Majivu yalijaa madoa kumi na moja. Na hakuna hata moja lililokuwa chini ya kiraka. Boti lilikuwa linavuja mahali ambapo mkandarasi hakuwahi kugusa.

Mwamvita alipapasa kwa kidole. Vichwa vya ribiti za zamani, ambavyo vilitakiwa kuwa na mgongo kama kifungo, vilikuwa bapa. Vingine vilikuwa vimeisha kabisa. Bati lenyewe lilikuwa jembamba, limelika sawasawa, kama kitu kilicholambwa. Chuma hakili hivyo.

Akamwita Minza.

"Mama, nyie boti mlikuwa mnaliosha na nini?"

"Tulikuwa tunaliosha vizuri sana," Minza akajibu, kwa fahari. "Kila Jumamosi. Wanachama wote, zamu kwa zamu. Liling'aa, fundi! Ungeweza kujitazama uso."

"Na nini?"

"Si majivu. Majivu na mchanga. Tunayaloweka kwanza, tunapaka, tunaacha yakae, ndio tunasugua."

Mwamvita alikaa chini. Nyumba yoyote hapa, kuanzia Magamba hadi Kasansa, binti anapimwa kwa sufuria zake, na sufuria husuguliwa kwa majivu mpaka zing'ae mgongoni. Lakini maji ya majivu hula alumini. Ndiyo maana yanang'arisha: kila mara yanaondoa ngozi kidogo. Sufuria ikitoboka, unanunua nyingine. Boti walikuwa wamelisugua Jumamosi kwa Jumamosi, miaka saba.

Alipomweleza, Minza aliweka chini kipande chake cha reli. Akaenda kusimama nyuma ya kibanda. Aliporudi uso ulikuwa mkavu.

"Kwa hiyo ni sisi," alisema.

"Chuma ni yeye. Majivu ni nyie. Ila siwalaumu nyie."

"Wale vijana wawili walikuwa wafe, fundi. Mmoja ni mkwe wangu."

Hapo ndipo hasira ya Mwamvita ilipopata njia nyingine. Aliuliza siku ya kukabidhiwa boti ilikuwaje. Minza anaikumbuka vizuri: turubai, spika mbili, fulana zenye nembo, ngoma, soda, hotuba nne. Walipiga picha wakiwa wameshika kasia.

"Hotuba nne!" Mwamvita anasema hadi leo, na kila akisema anapiga nyundo kwenye kitu. "Katika hotuba nne hakuna mtu aliyesema, kina mama, hili msilisugue. Maneno manne tu. Wanampa mtu kitu ambacho hajawahi kukiona, wanapiga picha, wanaondoka. Kikifa wanaandika kikundi kilishindwa kutunza. Walilitunza! Walilitunza mpaka likaisha!"

Kwa wiki moja na nusu iliyofuata walitoa ribiti zilizolika, moja moja, mia mbili na kumi na nne, wakaweka mpya. Pale bati lilipokuwa jembamba sana waliongeza kiraka. Mashati na vitenge vilinuka gundi. Minza alikuwa akilala kwenye chumba cha nyuma kwa Mwamvita, na usiku, Mwamvita anasema, alisikika akihesabu Jumamosi.

Alhamisi hii asubuhi, baada ya ndoo sitini, majivu yalikaa meupe kwa dakika arobaini. Kisha doa moja likatokea karibu na nyuma, chini ya kiti cha injini. Hakuna aliyelalamika. Ndoo sitini zikatolewa, Mwamvita akazungushia mkaa mahali pale, Minza akaingia ndani na kipande chake cha reli.

"Kandamiza, mama."

"Nimekandamiza."

"Kandamiza kama unamkandamiza mkandarasi."

Nyundo ikapiga. Adhuhuri ndoo sitini zikarudi.

Ijumaa, saa tano kasoro robo, afisa akafika. Hakutaka jina lake litajwe. Alivaa shati jeupe, na hakutembea zaidi ya hatua kumi kutoka kwenye gari. Alitazama boti, akatazama saa, akaweka fomu juu ya boneti na kutoa kalamu.

"Kwa macho naona liko vizuri," alisema. "Nasaini, mlichukue."

Wanawake wakapiga vigelegele. Mwamvita akaweka kiganja juu ya fomu.

"Hapana, bosi. Hata mwaka jana mlisaini hivi hivi."

"Mwanangu!" Minza akamvuta mkono, kwa sauti ya chini, akageukia Kisukuma. "Ng'wanawane, mwache asaini, nakuomba."

"Asaini akiwa amepiga magoti. Maji yamo tangu jana mchana. Ashuke aone."

Amri, aliyekuja na mizani yake endapo itahitajika, alitazama pembeni. Mwishowe afisa akakunja suruali, akapiga magoti, akaingiza kichwa chini ya boti. Jua lilikuwa kali. Alikaa huko, akasogea, akakaa tena.

"Na hiki hapa?"

Doa jeusi, dogo, katikati ya majivu.

Minza akashika kifua. Mwamvita akaingia chini, akapitisha kiganja kwenye mshono wote wa juu ya lile doa. Akakitazama kiganja. Kikavu. Hakubishana. Akachekecha majivu mapya juu ya doa na kusema, "Tusubiri."

Walisubiri saa nzima. Hakuna aliyemruhusu afisa kuondoka, wala aliyemkataza. Alibaki ameinama pale pale akitazama, mpaka mwanamke mmoja aliyekuwa amechuchumaa upande wa pili akapiga kelele: "Nimeliona! Linatoka kwenye paji lake! Jamani, kumbe anayevuja ni afisa!"

Doa la pili lilikuwa limeanguka palepale, jasho lililotiririka kutoka kwenye paji hadi ncha ya pua ya mwenye shati jeupe. Hata Amri alicheka hadi akakaa juu ya mizani.

Afisa alisaini akiwa na majivu magotini. Boti linapakiwa kesho. Ziwa linafunguliwa baada ya siku nane. Mwamvita amegonga maandishi kwa ncha ya msumari ndani ya ubavu wa boti, kwa herufi kubwa: MAJI NA KITAMBAA TU. Anataka kufungua kibanda cha pili Ikola, kwa sababu Minza amehesabu maboti mengine manne ya alumini yaliyolala kwenye nyasi pwani ile, na yote, anasema, yanang'aa.

Lakini kwanza atakwenda na hili. Mwamvita hajawahi kupanda boti maishani mwake, na hajui kuogelea. Anapanga kukaa nyuma, chini ya kiti cha injini, palipotoka lile tone la mwisho.

"Nitavua viatu," anasema. "Wale vijana wawili watakuwa mbele, mimi nyuma, nyayo zangu juu ya ribiti zangu. Maji yakiingia, mimi ndiye nitakayeyajua wa kwanza. Yule mkandarasi wa mwaka jana alipaswa kukaa hapo."