Sauti ya Rotherham

Kule kwao Rotherham, kaskazini mwa Uingereza, Shelley Hinchliffe alizoea kuchekwa kwa lafudhi yake kila akifungua mdomo. Mwalimu wake wa kidato cha mwisho alikuwa akimkatiza darasani, "Sema vizuri, mtoto, hatupo buchani." Mama yake alikuwa anauza nyama kweli, kwa hiyo wenzake walicheka mara mbili.

Alipomaliza shule, chuo kimoja cha Iowa, Marekani, kilimchukua kwa sababu alijua mchezo wa kurusha kisahani. Alipofika tu, wanafunzi wa huko wakaishangilia lafudhi ileile kama ya binti mfalme.

"Hebu sema 'maji'," Brenna Sorensen, msichana aliyelala naye chumba kimoja, alimwomba.

"Maji."

"Jamani! Sema tena!"

Shelley aliwadharau papo hapo. Aliwadharau zaidi alipoona mhadhiri anawapa alama kwa kunyoosha mkono tu. Kwao ulisoma mwaka mzima, ukafanya mtihani, ukajua kama u mjinga au la. Hapa mtu alisimama akasema, "Mimi nahisi kwamba..." na kuandikiwa alama. Shelley naye akawa ananyoosha mkono, anasema upuuzi wowote uliomjia, na mhadhiri anaitikia kwa kichwa, kwa heshima.

Mwaka wa pili akaja Mwingereza mwingine, Jocelyn Tremlett. Huyu alitoka shule ya bweni ya matajiri, vyuo vikongwe vya kwao vikamkataa, na sasa alitembea Iowa kama aliyeshushwa kwenye kituo kisicho chake. Brenna alimvuta bwaloni hadi mezani kwa Shelley.

"Jamani, mnaongea sawasawa kabisa!"

Masikio ya Jocelyn yakawa mekundu. "Sawasawa? Huyu anaongea kama muuza samaki."

"Kwani samaki wana ubaya gani?" Brenna akauliza, hana hila.

"Nyama, dada," Shelley akasema huku anatafuna. "Sisi tunauza nyama. Samaki ni wa jirani."

Mwezi wa kumi redio ya chuo ikatafuta mtu wa kutangaza maonyesho ya nguruwe, na wakataka sauti ya Mwingereza. Walijaribiwa wote wawili. Jocelyn alisoma majina ya nguruwe waliotia fora kama anayesoma habari za msiba wa taifa. Shelley alisoma kama mama yake anavyoita wateja Jumamosi. Wanafunzi wakapiga kura, wakamchagua Shelley, na hakuna aliyefikiria mara mbili.

Jocelyn alimngojea nje ya studio. "Hawana masikio hawa watu. Hawajui hata mimi ni nani."

"Masikio wanayo," alijibu Shelley. "Wasicho nacho ni habari na baba yako tajiri."

"Unadhani wanakupenda? Wewe kwao ni kichekesho tu."

"Najua. Na wewe hata kuchekesha umeshindwa."

Jocelyn alihama kabla theluji haijayeyuka, akaenda Boston, alikosema watu wana akili. Brenna alimsindikiza hadi kituo cha basi kwa sababu Brenna ni mtu wa kusindikiza kila mtu. Shelley hakwenda. Alikuwa uwanjani, kwenye upepo wa kukata ngozi, anarusha kisahani. Siku ile kilikwenda mbali kuliko alivyowahi kukirusha, na hapakuwa na mtu wa kumpigia makofi, jambo lililomfurahisha sana.