Gauni Lililopanuliwa Mara Tatu

"Minyoo, minyoo! Minyoo gani hiyo isiyokufa, dada? Dawa kanywa mara tatu, tumbo ndio kwanza linakuja juu!"

Mjomba mtu huyo, anamfokea dada yake, fundi cherehani. Binti wa fundi, miaka saba, wanamwita Kifungo. Kakaa juu ya jora la kitambaa, miguu kama njiti, tumbo kama ngoma.

"Punguza sauti, kaka. Mtoto anasikia."

"Asikie! We huoni?"

Alikuwa haoni kweli. Gauni la shule likimbana mwanawe, anafumua ubavuni, anaongeza kipande, anapiga pasi. Mara tatu sasa, kila mara dakika kumi, kazi safi. Mwalimu anaona mtoto nadhifu. Majirani wanasema kanenepa huyo, anakula vizuri. Mama anacheka.

Mjomba akachomoa daftari la vipimo, akafungua ukurasa wa Kifungo. Mwandiko wa mama mwenyewe: kiuno kimeongezeka sentimita kumi na tisa kwa miezi minne. Mkono, hata nusu hakuna.

Fundi akaacha cherehani, akambeba mtoto.

Hospitali kubwa, daktari akaona mishipa imechomoza tumboni kama mizizi. Akaagiza ultrasaundi ya kuangalia damu inavyotembea.

"Mishipa inayotoa damu kwenye ini imeziba," akasema. "Damu inaingia, haitoki. Ini linavimba, maji yanavujia tumboni."

"Inazibuka, dokta?"

"Tunapitisha mrija mwembamba wenye puto dogo, tunautanua mshipa. Halafu dawa ya kuzuia damu isigande. Lakini ini limeshaumia, mama. Mngewahi miezi mitatu nyuma, ningekuahidi."

Wakautanua. Ukaziba tena.

"Mama," Kifungo akauliza kitandani, "nikipona, gauni utalipunguza?"

"Nitalipunguza, mwanangu."

Alilipunguza. Akamvisha akiwa hapumui tena.

Sasa we unayesoma, usijifanye hayakuhusu. Mtoto tumbo linajaa huku mikono inakonda? Mpeleke hospitali leo, si wiki ijayo. Wakikupa dawa ya minyoo na tumbo lisishuke, rudi, simama mlangoni kwao, waambie waangalie mishipa ya ini. Wakinuna, wanune. Ila gauni usipanue.