Diski Ipi Itoe Shikamoo

Mwanangu, umeniambia kesho unahamishia diski mpya yaliyomo kwenye kompyuta ya ofisi yenu, nami nimekumbuka siku ambayo nusura niaibike mbele ya shule nzima.

Nilikuwa mwalimu kijana, mgeni kutoka Singida, nimepangiwa sekondari moja huku Mbinga. Nilijua kompyuta kidogo tu, lakini nilijiona fundi. Kompyuta ya shule ilikuwa imejaa, inachukua robo saa kuwaka. Mkuu wa shule akaleta diski mpya, kubwa mara nne, akaniagiza ninakili humo kila kilichomo kwenye ya zamani. Na humo zilikuwamo alama zote za kidato cha nne, tangu walipoanza kidato cha kwanza. Madaftari ya alama hizo yalishalowa stoo paa lilipovuja, hayasomeki tena. Alama zile zikipotea, watoto wa watu wameumia.

Nikaunganisha diski zote mbili. Skrini ikaonyesha moja juu, nyingine chini. Bila kusoma, nikaamua ya juu ndiyo ya zamani. Nikaichagua itoe, ya chini ipokee. Likaja onyo kwamba kila kilichomo kwenye diski inayopokea kitafutwa. Sikulimaliza, kidole kilishafika kwenye kitufe.

Mama Kapinga, mhazili wetu, alikuwa akichapa barua meza ya pili. Akauliza bila kuinua macho, "Mwalimu, hapo nani anamwamkia nani?"

Nikacheka. "Mama, hizi ni diski."

"Najua. Mdogo anaamkia, mkubwa anaitikia na kumpa alichonacho. Mkubwa ni yupi?"

"Huyu mpya. Ana nafasi mara nne."

"Sikukuuliza tumbo, nimekuuliza umri!"

Basi nikasoma jina na ukubwa wa kila moja, ili nimridhishe tu. Ile ya juu, niliyoiambia itoe, ndiyo mpya. Tupu kabisa! Ningefuta alama za miaka minne kwa mkono wangu mwenyewe.

Nikazigeuza. Tukasubiri hadi alasiri, tukiuombea umeme usikatike. Kompyuta ikawaka kwa diski mpya, nikafungua faili la alama, majina yote yapo. Nilipumua kama mtu aliyetua gunia la kahawa. Mama Kapinga akachukua kalamu ya wino mzito, akaiandika ile ya zamani MARAHABA, akaifungia kabatini.

"Ikae humo muhula mzima," akasema. "Huyu mtoto bado hatujamjua tabia."

Kwa hiyo kesho, soma kwa sauti jina na ukubwa wa kila diski, na mwenzako asikie. Jiulize ipi inatoa, ipi inapokea. Ya zamani usiifute mpaka mpya ikuonyeshe kazi. Na mtu akikuuliza swali unaloliona la kijinga, lijibu kwanza, utacheka baadaye.

Nenda salama. Mungu akujalie umeme usiokatika, na Mama Kapinga wako kwenye meza ya pili.