Kiti cha Mbele Kuelekea Muleba

Eugenia Rutashobya alikuwa mpishi wa nyumba ya wageni ya kanisa, ile ya mawe iliyojengwa enzi za Wajerumani kilimani, juu ya mtaa wa Mirongo, karibu na ziwa. Misafara mingi ilianzia pale. Miaka yote Eugenia aliwapikia wasafiri uji, akawafungia maandazi, akabaki nyuma kuosha vikombe. Safari hii na yeye alikuwa na begi. Kwaya ilialikwa kwenye jubilei ya parokia moja huko Muleba, na Muleba ndiko kwao Eugenia.

Magari yalikuwa mawili, basi dogo la Kosta na gari dogo la Noah. Dereva wa Noah, Chenge, aliingia alfajiri. Eugenia akampelekea chai. Chenge alimwamkia kwa adabu, akapokea kikombe, kisha kikombe kikaanza kuinama polepole mpaka chai ya moto ikamwagikia mapajani. Hakushtuka. Macho yake yalikuwa wazi.

"Umetoka wapi, mwanangu?" Eugenia akamuuliza.

"Singida, mama. Nimepitiliza usiku kucha. Nikishashika usukani nachangamka."

Eugenia alimfuata Mzee Yeremia, mwenyekiti wa kwaya, aliyekuwa akifunga ngoma juu ya Kosta. Alimweleza alichokiona, akaomba wangoje hadi mchana ili dereva alale. Mzee Yeremia alimsikiliza bila kuacha kukaza kamba. Upande wa ziwa wingu jeusi lilikuwa limeshuka mpaka kwenye maji, na kilimani hapakuwa na hata upepo wa kutikisa jani. Mzee alisema mvua ikiwakuta kilimani hawatafika mapema, na wenyeji wao wanawasubiri.

"Tumeshaomba, Mama Eugenia," akamalizia. "Usiwatie watu hofu."

Selina, rafiki wa Eugenia wa miaka mingi, alikuwa ameshakaa ndani ya Noah. Eugenia alimsihi ahamie Kosta, lakini Kosta ilikuwa imejaa, na Selina alimwambia anajisumbua bure. Eugenia alisimama mlangoni mwa jiko na begi lake. Angeweza kubaki. Hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake alikwenda kumwomba mwanamke aliyekaa mbele kwenye Noah wabadilishane, akidai kwamba akikaa nyuma huchafukwa na moyo. Haikuwa kweli. Alitaka kuuona uso wa dereva.

Walishuka kilima hadi mjini, wakapita Nyegezi wakiwa nyuma ya Kosta. Eugenia alimuuliza Chenge habari za mama yake, za watoto, za ng'ombe wa baba yake. Mwanzoni alijibu vizuri. Walipokata kona ya Usagara majibu yakawa mafupi. Eugenia alimwomba asimame kidogo anawe uso. Akasema atanawa watakapofika Sengerema. Nyuma wanakwaya walikuwa wakiimba, na Eugenia alitamani wanyamaze, maana wimbo ulikuwa wa taratibu, kama wa kumbembeleza mtoto.

Kwenye daraja la kuvuka ziwa mvua iliwakuta. Maji ya ziwa hayakuonekana tena, wala Kosta iliyokuwa mbele. Walivuka salama, Busisi ikabaki nyuma, na Eugenia akaanza kudhani kweli anajisumbua. Akamuuliza Chenge jina la mtoto wake wa mwisho. Chenge hakujibu.

Alipogeuka, kidevu cha Chenge kilikuwa kifuani, na lori lilikuwa linakuja na taa kali, nao wakilielekea. Eugenia aliukamata usukani kwa mikono yote miwili, akauvuta kwake. Noah iliacha lami, ikapita kwenye shamba la muhogo, ikagonga jiwe na kulala ubavu. Lori lilipita likipiga honi.

Hakufa mtu. Mguu wa Selina ulivunjika sehemu mbili, na mpaka leo anatembea kwa mkongojo. Mzee Yeremia alirudi na Kosta, akasimama kwenye mvua akitazama tairi zilizokuwa hewani. Jubilei ilipita bila kwaya.

Miezi michache baadaye Eugenia alikwenda stendi ya Nyegezi kupokea ndizi zilizotumwa na ndugu zake. Pale alimwona Chenge ndani ya gari jingine, anapakia abiria wa Geita. Uso wake ulikuwa umevimba, macho mekundu. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni alikuwa anapanda. Eugenia alimshika mkono, akamwambia kwa sauti ya chini achague gari jingine.

Yule mwanamke alimtazama kama anayemtazama mgonjwa. Akautoa mkono wake taratibu, akapanda, na mlango ukafungwa.