Dumu la Kaka Oswaldi

Kaka yangu Oswaldi hana makuu. Nalisema hili mapema kwa sababu siku ile nusu ya mji wa Sumbawanga ilimwita gaidi, na mimi mdogo wake nilikuwa pembeni yake nikisikia kwa masikio yangu. Gaidi! Mtu ambaye akimkuta mbuzi wa jirani ndani ya ulezi wake, anamtoa kwa kumbembeleza.

Anaishi kijijini kwetu, upande wa Matai. Analima mahindi na ulezi kama marehemu baba, na mpaka leo anafukia majani kwenye matuta kwa jembe la mkono wakati wenzake wanagombania mbolea ya dukani. Mimi nauza nafaka sokoni hapa mjini, nina mdomo, najijua. Mungu alipogawa maneno nyumbani kwetu, na ya kaka nilipewa mimi. Ukimwuliza habari za nyumbani anakwambia, "Tupo." Ukimwuliza habari za shamba, "Lipo." Mke wake, wifi yangu Kristiana, alishazoea zamani.

Kinachomfungua mdomo ni kimoja tu, mwanawe Adriano. Huyu mtoto ni golikipa, na udakaji aliuanzia kwenye mahindi. Wakati wa mavuno kaka anasimama chini anarusha, mtoto kakaa juu kwenye mdomo wa kihenge, anadaka na kutupia ndani. Ikawa kaka anarusha mawili kwa mpigo ili amkomoe, na mtoto anayanyaka yote, na kaka anacheka. Jamani, kaka kucheka si jambo la kila wiki.

Adriano akaenda sekondari, akachukuliwa na timu ya mkoa, akaenda Dar es Salaam. Mwaka huu mashindano ya mataifa ya Afrika yakachezwa hapa hapa nchini kwetu, na jina lake likasomwa kwenye kikosi cha taifa, golikipa wa akiba. Na baba yake hajawahi kumwona akicheza hata mara moja. Shuleni alipokuwa akicheza kaka alikuwa shamba, na alipohamia mbali, mbali kukawa mbali kweli.

Siku chache kabla ya mechi ya Jumamosi, redio ikatangaza kwamba golikipa wa kwanza ameumia bega mazoezini, na langoni atasimama Adriano. Kaka akanipigia simu. Yeye, ambaye simu kwake ni ya kupokelea!

"Stefania," akasema, "nakuja mjini. Nataka kumwona."

"Karibu, kaka. Si kijijini lipo banda la video?"

"Limefungwa."

Kweli, lilikuwa limefungwa. Mabanda yote ya video yalifungwa, ya vijijini na ya mjini. Hofu ilikuwa imeingia nchini hata usijue imetokea mlango gani. Kwenye simu za watu kulizunguka sauti ya mwanaume asiyejitaja jina, akisema kuna watu wabaya wamevuka ziwa kwa boti za mizigo na wanatafuta mikusanyiko ya mpira. Kule bandarini Kasanga abiria walishushwa wakafunguliwa hadi matenga ya samaki, ya migebuka. Sokoni kwangu, mteja akiacha kikapu chini ili ahesabu chenji, watu walikitazama kile kikapu. Basi likatoka agizo kwamba watu wataangalia mpira mahali pamoja tu, kwenye uwanja wa shule, kwenye skrini kubwa, penye askari. Runinga yangu mimi iliuawa na radi tangu masika, na mcheke tu, najua mnavyopenda kucheka radi za Sumbawanga, eti hutumwa na wachawi. Jirani yangu Modesti anayo nzuri, lakini Modesti ni mwoga kupindukia. Alisema hataki mkusanyiko sebuleni kwake hata wa watu watatu.

Kwa hiyo ilibaki skrini ya uwanjani. Kaka akimkosa mwanawe pale, basi amemkosa, maana yule mwenye bega angepona na mtoto angerudi akiba.

Basi lake lilichelewa. Nilimpokea stendi mechi ikikaribia kuanza, upepo wa Juni unakata masikio. Kashuka na koti lake kubwa, lile refu jeusi alilorithi kwa baba, na begani kabeba dumu limefungwa ndani ya kiroba.

"Kaka, shikamoo. Hilo nini?"

"Marahaba. Pombe ya ulezi. Kristiana kapika. Tutakunywa tukishamwona."

"Na mbona kifuniko umekikaza hivyo? Hii si bado inaumuka?"

"Konda. Kasema ikimwagikia mizigo ya watu ananishusha porini."

Nyumbani kwangu ni mbali na stendi, tungekwenda kuliacha tungekosa kipindi cha kwanza. Nikasema twende nalo, tutawaomba askari walishike getini. Hilo lilikuwa wazo langu mimi. Kaka akaitikia tu, akatembea mbele, na alitembea haraka mpaka nikamtania kwamba leo ndiye anayekwenda kusimama golini. Akatabasamu.

Getini watu walikuwa wamejaa. Wanaume mstari wao, wanawake wetu, mikono juu, mifuko mbele. Kwa ndani tuliiona ile skrini, wachezaji wanapasha misuli, wadogo wadogo, huwezi kumtambua mtu. Kaka alinyoosha shingo.

Pembeni ya geti alisimama askari mkubwa, Afande Masalu, mtu wa Usukumani, hajamaliza mwaka kwetu. Redio ya mkononi inamkoromea na jicho halitulii. Sasa, sisi tuliolelewa Ufipa na wazee wa zamani, mkubwa huwezi kumpita hivi hivi kama nguzo ya umeme. Na humsalimii ukiwa na mzigo begani, ni utovu wa adabu. Unautua mzigo mbali naye, unamsogelea mikono mitupu, unachuchumaa, unapiga makofi polepole, ndipo unasalimia. Vijana wa siku hizi hawafanyi. Kaka anafanya hata kwa mwenyekiti wa kitongoji.

Nilikuwa nimeinua mikono nikipapaswa, nikamwona anatoka kwenye mstari. Akalitua dumu katikati ya watu, chini ya ukuta. Akaliacha. Akaanza kumwendea afande, ameinamisha kichwa, mikono imekutana mbele ya lile koti.

Ningepiga kelele. Nina mdomo wa kuuza gunia la mahindi mabovu, na siku hiyo haukufunguka. Mpaka leo sijui kwa nini.

Afande aliona mzee wa koti kubwa ameacha mzigo kwenye watu na anamjia. "Simama hapo!" akafoka. "Mikono juu!"

Kaka alisikia ukali wa mkubwa, na ukali wa mkubwa kwetu unajibiwa kwa heshima zaidi. Akashuka chini kabisa, akachuchumaa, akapiga makofi.

"Nimesema mikono juu, mzee! Kwenye kiroba kuna nini?"

"Tunawasalimu, afande," kaka akasema, na makofi yakaendelea, taratibu.

Ndipo kifuniko kikaruka. Dumu lilikuwa limetikisika barabarani tangu asubuhi, halafu likawekwa juani. Lililia *paa!* mara moja, kiroba kikarushwa, povu likapiga ukuta.

Mtu akapiga ukelele, "Bomu!"

Nisitie chumvi. Hakufa mtu. Lakini watu walikimbia kama hawana macho. Waliokuwa ndani walisukuma kutoka, waliokuwa nje walisukuma kurudi, geti likang'oka upande mmoja. Mama mmoja muuza karanga alivunjika mkono. Viatu vilibaki chini, vingi, vya kila aina. Harufu ya ulezi ilitanda pale pote, na kila Mfipa aliyekuwepo anaijua harufu ile toka tumboni mwa mama yake, lakini nani angesimama anuse? Kaka walikuwa wamemlaza kifudifudi, askari wawili mgongoni, na shavu lake liko kwenye vumbi upande wa skrini. Halafu skrini ikazimwa.

"Yule mzee!" vijana wakapiga kelele kutoka barabarani. "Gaidi yule! Ametuharibia mpira!"

"Gaidi babu yako!" nikawajibu. Mdomo ulikuwa umerudi, sasa umerudi wa nini?

Walitupeleka kituoni wote wawili. Simu zetu wakazichukua na kuzizima. Kaka akaingizwa chumba cha ndani, mimi nikakalishwa kwenye benchi. Nilieleza. Nikaeleza tena. Nikasema ni pombe, ni salamu, ni mtoto wake anacheza. Askari aliyekuwa mezani, kijana mpole tu, akawa anaitikia kwa kichwa bila kuandika. Nikamwuliza matokeo.

"Mama," akasema, "leo hatuangalii mpira. Tunaangalia watu."

Baada ya hapo nilikufa ganzi. Sijui niseme vipi. Sikuwa na hasira, sikuwa na woga, hata kulia sikulia, nami ni mtu wa kulia kwenye harusi za watu nisiowajua. Nilitazama jua likipanda ukutani na kufifia. Nilijua kipindi cha kwanza kimeisha, nikajua cha pili kimeanza, nikajua kimekwisha. Hakuna aliyeshangilia popote mjini. Au walishangilia majumbani mwao, milango imefungwa.

Afande Masalu alikuja mwenyewe jua likizama. Alikuwa amelionja lile dumu, au amelinusa tu, sijui, lakini alijua. Kaka akatolewa. Koti limejaa vumbi, kipaji cha uso kimechubuka.

"Mzee," afande akasema, "siku nyingine ukiambiwa mikono juu, inua mikono. Wangekupiga risasi. Unanielewa? Mimi ningewaambia nini watu wako?" Nilitaka kumchukia nikashindwa. Alikuwa ameogopa kuliko sisi.

"Ndiyo, afande," kaka akasema.

"Na pole."

"Ndiyo."

Hakukasirika hata chembe, na hilo ndilo lililoniuma. Kama angetukana, ningemsaidia kutukana, ni kazi ninayoiweza. Alikunja kile kiroba kitupu alichorudishiwa, kona kwa kona, akakiweka kwapani. Tukatoka. Barabara ilikuwa kimya, maduka yamefungwa mapema, baridi imeshuka. Bodaboda mmoja alipunguza mwendo, akatutazama, akaongeza.

Nilipowasha simu tu, ikaita. Adriano. Mikono yangu ilikuwa imekufa kwa baridi, nikabonyeza sauti kubwa bila kukusudia.

"Shikamoo shangazi. Baba alifika? Nimepiga simu yake haipatikani."

Hapo mtoto hajui lolote, na sisi hatujui lolote, hata nani kashinda. Nikampa kaka simu. Akaishika kwa mikono yote miwili mbele ya mdomo.

"Adriano," akasema.

"Shikamoo baba. Baba, pole, nilitaka..."

"Nimekuona," kaka akamkatiza. Katika maisha yangu sijamsikia akimkatiza mtu. "Nimekuona, mwanangu. Kwenye skrini kubwa, tulikuwa mbele kabisa na shangazi yako. Umedaka vizuri. Umedaka vizuri sana."

Nyuma ya Adriano nilisikia watu wakicheka na maji ya bafu yakimwagika.

"Baba," Adriano akasema polepole. "Sikucheza. Mwenzangu bega lilipona leo asubuhi, akapangwa yeye. Mimi nimekaa benchi mpaka mwisho."

Nikamtazama kaka. Uso haukubadilika. Alikuwa amesimama katikati ya barabara, na upepo unachezea lile koti la baba, na mimi nilitaka ardhi ituchukue wote wawili pale pale.

"Ndiyo," akasema. "Nimekuona hapo benchi."

"Baba..."

"Umekaa vizuri, mwanangu," kaka akamwambia. "Umekaa vizuri sana."