Aliyeishiwa na Ng'ombe Huzunguka Kichuguu

Kulikuwa na punda mmoja, rangi ya majivu, sikio la kushoto limekatika nusu. Alikuwa wa jirani yetu mwenye hoteli ya chai, Msomali ambaye babu yake aliletwa hapa Isiolo na Mwingereza akiwa askari, vita vikaisha, akaambiwa kaa hapa, naye akakaa. Sijui kwa nini nimemkumbuka leo huyo punda. Nilikuwa nimeenda kununua mkaa, nikasikia punda analia nyuma ya soko, ile sauti ya lango kuukuu lisilotiwa mafuta, na moyo ukaenda mbali. Mtu akifika umri wangu hashiki fikira, fikira ndizo zinamshika.

Shule mimi niliacha mapema. Mwalimu alisema kichwa changu kimejaa ng'ombe, na alisema kweli. Kwa hivyo nikizunguka sana, nivumilie. Nitafika.

Huyo punda alikuwa anabeba maji ya hoteli kutoka mtoni, madebe huku na huku, na sisi watoto ndio tulikuwa tunamfuata nyuma. Malipo yetu ilikuwa chai iliyobaki chini ya sufuria, tamu mpaka meno yanauma, ina moshi na iliki. Basi njiani kulikuwa na kichuguu kikubwa, kirefu kuliko mtu, chekundu. Punda akifika hapo anasimama. Umpige, umbembeleze, umvute mkia, hasogei mpaka jua ligeuke. Bibi yangu alikuwa anasema, "Punda si mvivu. Mzigo una saa yake ya kukataliwa." Sikuelewa wakati huo. Nimewaambia watu maneno hayo maisha yangu yote na wanatikisa kichwa kama wameelewa.

Sasa wakati punda amekataa, sisi tufanye nini? Tulicheza bao. Si bao la Waswahili lile la mbao, la kuchongwa. Letu ni mashimo tu kwenye udongo, na kokoto ndani, na kokoto hizo tunaziita ng'ombe. Ukicheza vizuri unakula ng'ombe za mwenzako, unazitia zizini kwako. Kulikuwa na mwenzangu mmoja, tulizaliwa kijiji kimoja, tulichunga ndama pamoja, kovu la goti langu ni la fimbo yake. Huyo alikuwa anatumaliza sote. Alikuwa anacheza huku anaangalia pembeni, kama mtu anayesikiliza kitu kingine.

Na tulikuwa na sheria yetu, ambayo sijaiona mahali pengine popote. Aliyeishiwa na ng'ombe hasemi nimeshindwa. Anasimama, anasema, "Kijiji, kaeni salama. Mimi ng'ombe sina, natoka." Anaenda, anazunguka kichuguu. Akitokea upande wa pili anasimama kama mgeni langoni, anaita, "Salaam aleikum! Kijiji hiki kina watu?" Sisi tunajibu, "Kina watu, karibu!" Halafu kila mmoja anamtolea kokoto moja katika zake, na inatakiwa iwe nzuri, si ile ndogo ya kuchagua kwa ujanja. Anakaa chini, anacheza tena.

Hatukuitunga sisi. Tuliiona. Baba ya huyo mwenzangu alipoteza ng'ombe zote miaka ile ya shida, tulipokuwa wadogo. Alitoka akatangatanga, akarudi kwa ukoo, akakaa karibu na lango. Wazee walikutana. Kwetu Waborana hiyo inaitwa busa gonofa, kwamba mtu wa ukoo hawezi kuachwa bila maziwa. Jioni ile ng'ombe zilianza kuingia. Mtamba mmoja kutoka kwa huyu, ng'ombe mwenye ndama kutoka kwa yule, moja moja, vumbi linapanda. Mwenzangu alikuwa amenishika mkono, ananifinya kila moja ikipita langoni. Nilitaka kuhesabu, bibi akanipiga kidole. "Ng'ombe za mtu hazihesabiwi, utazikata mguu!" Basi nikaacha, nikafinywa tu.

Hiyo jioni ndiyo mwenzangu aliishi nayo. Ninataka ulishike hilo, ndilo jambo lenyewe.

Miaka ikapita. Mimi nikawa utingo wa lori, nikapakia mizigo mpaka mgongo ukakataa kama yule punda, nikajenga chumba huku mjini. Yeye alibaki na ng'ombe upande wa Kulamawe. Tulionana sokoni siku za mnada, tunasalimiana, anaondoka. Halafu ukaja huu ukame wa juzi, unaujua, hauhitaji kuelezwa. Nikamwona mlangoni kwangu siku moja, amekuja kwa miguu, ana fimbo, ana birika la plastiki la kutawadha, basi. Sikumuuliza. Mtu akija na fimbo bila kitu mbele ya fimbo, unamuuliza nini?

Akasema mwenyewe, baada ya chai. "Nangojea ukoo ukae kikao."

"Watakaa, abo," nikamwambia, ndivyo tunavyoitana marafiki kwetu.

"Baba yangu alingoja siku chache."

"Watakaa."

Mke wangu alinitazama, akaenda kupepeta mchele ambao ulikuwa safi.

Basi kazi yangu ikawa kumshikilia mpaka ukoo ukae. Nilikuwa naogopa macho yake. Alikuwa anaamka kabla ya adhana, anatoka nje, anasimama uani akigeuza kichwa huku na huku, anasikiliza, na hakuna cha kusikiliza, ni pikipiki tu. Nikasema nitampa raha za mji, moja moja, labda mojawapo itamnasa. Na nikuambie ukweli, katika raha hizo mimi pia nilikuwa mtoto tena. Sikuwa nimecheka hivyo tangu tulipokunywa chai ya chini ya sufuria.

Nyama ya ng'ombe alikataa. Maziwa ya ngamia kwenye chai alikunywa, lakini anasema kibuyu hakikufukizwa moshi vizuri, mjini mnafukiza kwa haraka. Kilichomnasa ni chipsi! Mzee mzima wa Kiborana. Kuna mama Mmeru anakaanga karibu na stendi, na mwenzangu alisimama hapo na karatasi yake ya mafuta, chumvi mpaka kwenye ndevu.

"Mama, hii mmekuwa nayo tangu lini?"

"Viazi? Tangu Mungu aumbe Meru, mzee."

"Na nyinyi mkanyamaza," akasema. "Sisi huku tunapigania nyasi."

Yule mama alicheka mpaka akaunguza nyingine, akamwongezea bure. Tangu siku hiyo wakaitana shemeji.

Muziki haukumnasa. Simu za vijana zina nyimbo zetu, na kinanda ndani, na zinasifu fahali mwenye pembe hivi na rangi hivi. Alisikiliza kidogo akasema zima. Yeye mwenyewe zamani alikuwa na sauti, kisimani ndiye aliyekuwa anaanzisha wimbo wakati watu wanapokezana ndoo kutoka chini, na ng'ombe zinasikia zinakuja zenyewe. Nikamwomba aniimbie hata kidogo. "Niimbe, nani aje?" akasema. Sikurudia kuomba.

Mpira alipenda, lakini kwa njia yake. Tulikwenda kiwanjani jioni, vumbi, vijana wanapiga kelele, na yeye macho kwa golikipa tu. Mpira uko kule mbali yeye anamwangalia golikipa. Kijana mmoja akamwambia, "Mzae, mechi iko huku, unacheki nini huko?"

"Namwangalia mchungaji," akajibu. "Nyinyi wengine ni fisi tu, mnakimbizana."

Golikipa akafungwa bao la kijinga katikati ya miguu. Watu wakamzomea. Mwenzangu hakuzomea. Siku iliyofuata, na siku zingine nyingi, aliniuliza asubuhi, "Yule kijana alilala kweli?"

Na filamu. Kuna banda la video la mabati, mabenchi, joto kama tanuri, na ile sauti ya mtafsiri anayepiga porojo za Kiswahili juu ya Kizungu cha wenyewe. Siku hiyo walikuwa wameweka wale Wazungu wa farasi na kofia. Mimi napenda bunduki. Lakini ikafika mahali wanaswaga ng'ombe, ng'ombe nyingi mno, zimejaza kitambaa chote cha picha kutoka huku mpaka huku, mbavu hazionekani, zimenona zinang'aa. Mwenzangu akasimama. Akapiga ulimi, ile ya kugeuza kundi, nguvu, banda zima likasikia.

"Mzee, keti! Unaziba!"

"Wamwambie yule wa mbele azuie," akasema. "Zinakimbia bila kunywa."

"Mzee, hiyo ni picha! Ukiingia utapigwa na stima!"

Wakacheka, na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka kidogo. Akakaa. Tulipotoka akaniuliza taratibu, "Zile ng'ombe, picha ikiisha zinapelekwa wapi?"

"Abo, hiyo ni ya zamani. Zililiwa kabla mjukuu wangu azaliwe."

Alifikiria mpaka tulipofika msikitini. "Hata Mzungu," akasema, halafu akacheka, akacheka mpaka akajishika kwa fimbo. Ndiyo mara ya kwanza. Nikafikiri, alhamdulillahi, tumepona. Mwenye banda alikuwa mtu mzuri, akawa anamwekea ile filamu Ijumaa baada ya swala, ng'ombe zinapita, anatoka nje kabla ya bunduki. Mke wangu akasema, "Nyinyi wawili ni watoto wangu wa mwisho, na ndio wakorofi."

Ukoo ukakaa. Walikaa uani kwa tajiri mmoja mwenye malori, kwenye mikeka, wazee wa huku na waliotoka Gotu. Mimi nilikuwa nyuma. Chai ilipita, dua ikapita. Mzee wa ukoo alikuwa na kikohozi, alikohoa kwanza, akasema, "Tulikuja hapa kuuliza nani atatoa. Sasa nauliza, nani hapa hakuja kuomba?"

Hakuna aliyeinua macho. Nilitazama miguu yao, watu wazima, wenye majina, wale ambao baba zao walitoa jioni ile. Viatu vya plastiki, vumbi, basi. Hakuna mtu aliyekataa, elewa. Kukataa kungekuwa afadhali, ungekasirika, ungetukana mtu. Sheria ilikuwa bado ipo yote, nzima, kila mtu anaijua kwa moyo, ila ilikuwa imekaa pale kama kibuyu kizuri na hakuna ng'ombe wa kukamua ndani yake. Wakasema mvua ikinyesha. Wakasema Mungu yuko.

Mwenzangu akasema, "Ni sawa." Njiani akaniuliza kama kuna mechi.

Sasa kile kichuguu hakipo. Walikisawazisha kujenga maduka ya simu, na pale punda aliposimama wanaosha magari. Mto wenyewe ukiuvuka hulowi kifundo. Bibi alikufa, jirani wa hoteli alikufa, watoto wote tuliocheza nao wamekwisha au wamepotea kwa wanao mijini. Nilikuwa nafikiri vinavyokwisha ni vitu. Sikujua hata kumtolea mtu kunaweza kwisha, watu wakiwa bado wanataka kutoa. Siku hizi ninasimamisha kila lori linalotoka Kulamawe, namuulizia mwenzangu. Nimeuliza Gotu, nimetuma salamu mpaka Kipsing kwa watu ambao zamani tulikuwa hatusalimiani. Wanasema hatujamwona mzee wa namna hiyo. Wanaume wa namna hiyo ni wengi mno njiani, mmoja aliniambia, utamjuaje wako?

Siku yenyewe aliyotoka ilikuwa alasiri ya kawaida. Tulikuwa tumechimba mashimo yetu uani kwangu, karibu na tangi, kama kila siku tangu alipokuja. Chai iko kwenye chupa, chipsi za shemeji ziko kwenye karatasi. Yeye daima ndiye alikuwa ananimaliza, uzee haukumpunguzia. Siku hiyo mimi nikaanza kula. Nikala hapa, nikala pale. Alikuwa anacheza akiniangalia usoni, si pembeni kama zamani, na mimi mjinga nilikuwa naangalia mashimo. Ng'ombe yake ya mwisho aliiweka mahali ambapo hata mtoto wa kunyonya angeila. Nikaila. Nikapiga kelele! Mke wangu akachungulia mlangoni.

Akasimama, akachukua fimbo. Akasema, "Kijiji, kaeni salama. Mimi ng'ombe sina, natoka."

Maneno hayo sikuwa nimeyasikia tangu tulipokuwa na meno ya utoto. Nilicheka mpaka nikakohoa. "Zunguka mashine ya unga ya jirani, abo," nikamwambia, "kichuguu wameshakula!" Akainua mkono. Akapita tangi, akapita lango la mabati, akalifunga taratibu kama mtu anayeacha waliolala ndani. Nikainama haraka kuchagua. Nikapata kokoto moja nyeupe, kubwa, ina doa jekundu begani kama mtamba wa bibi. Nikaiweka kiganjani, nikageukia upande wa pili wa mashine ya unga, na jibu langu nilikuwa nalo tayari mdomoni.